Gauni la kahawia: lilitoka Norwei kweli?

Swali: "Mimi ni Mkenya, nimeolewa hapa Minnesota, Marekani. Mama mkwe wangu amenikabidhi gauni la hariri la kahawia ambalo, kwa maneno ya familia, mama wa bibi yake alilivaa siku ya harusi yake mwaka 1881. Wanasema alizaliwa Norwei, akaja na wazazi wake akiwa na miaka 12, wakashukia Ellis Island mwaka 1873, kisha wakapata shamba kusini-magharibi mwa jimbo hili. Gauni, wanasema, lilikuja nao ndani ya sanduku la mbao ambalo bado lipo: limechorwa maua na kuandikwa jina la mwanamke linaloishia na -datter, pamoja na mwaka 1846. Mimi nina mashaka. Gauni la harusi la kahawia? Mishono ni ya cherehani. Kiuno ni sentimita 56. Ndani kuna utepe wenye herufi za dhahabu zilizofifia, nasoma '...neapolis' tu. Hariri imeanza kuchanika bila kuguswa, na binti yangu anayeolewa mwakani anataka kulivaa. Nifanyeje?"

Dada, una haki ya kuwa na mashaka, ila umeyaelekeza kwenye vitu visivyo na hatia. Rangi haina kosa, na cherehani haina kosa. Kinachogombana na simulizi la wakwe zako ni ule utepe.

Nguo nzuri ya mwanamke wa wakati ule mara nyingi haikuwa kipande kimoja. Kulikuwa na sehemu ya juu iliyobana mwili kama kizibao, na sketi mbali. Ndani ya ile sehemu ya juu, usawa wa kiuno, fundi alishikiza utepe mgumu uliofungwa kwa kulabu kabla ya vifungo vya mbele, ili nguo isipande mvaaji anapoinua mikono. Kuanzia miaka ya 1870 hivi, mafundi wenye maduka yao walianza kupiga chapa jina na mji wao kwenye utepe huo, mara nyingi kwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo hizo herufi ulizosoma ni anwani. Gauni lilishonwa Minneapolis, tena na fundi mwenye wateja wa kutosha hadi akaagiza utepe wa jina lake. Halikuvuka bahari.

Umbo lake linasema hivyohivyo. Katika picha ulizotuma, sehemu ya juu ni ndefu, inashuka hadi kwenye nyonga bila mshono wa kiunoni, na vifungo vimepangwa karibukaribu kutoka shingoni hadi chini. Sketi ni nyembamba, mbele imelala, na madoido yote yako chini: safu za marinda madogo. Nyuma haikutuna. Mtindo huo una kipindi chake, na ni kifupi. Miaka ya mwisho ya 1850 na mingi ya 1860 sketi zilikuwa pana kama hema, zikishikiliwa na fremu ya pete za chuma. Kuanzia karibu 1870 upana ukahamia nyuma na kutuna juu ya makalio. Kati ya 1877 na 1882 ule mtuno ukaporomoka, nguo ikabana mwili mpaka magotini. Kuanzia 1883 hivi ukarudi tena, safari hii mkubwa na wa pembe kali. Gauni lako limekaa katikati ya hiyo miaka ya kubana. Harusi ya 1881 inalingana nalo barabara. Safari ya 1873 hailingani: msichana wa miaka 12 asingekuwa na gauni la kike la ukubwa huo, na mtindo wenyewe ulikuwa bado haujaingia.

Usiende kuwaambia wakwe zako kwamba walidanganywa. Wana vitu viwili vya kweli ambavyo vimelala pamoja kwa zaidi ya miaka mia, na hadithi zake zimegandana. Sanduku lilitoka Norwei. Gauni liliwekwa humo baadaye. Nimeona mchanganyiko wa aina hii mara nyingi, na karibu kila mara sehemu zake zote ni za kweli. Kilichokosewa ni mpangilio.

Hilo la Ellis Island nalo liondoe. Kituo kile kilifunguliwa Januari 1, 1892. Mwaka 1873 wahamiaji waliofika New York walipokelewa Castle Garden, ngome ya zamani iliyo kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, iliyofanya kazi hiyo kuanzia 1855 hadi 1890. Na si lazima wawe walipita New York. Wanorwei wengi, hasa katika miaka ya 1850 na 1860, walishukia Quebec nchini Kanada na kuingia Marekani kupitia maziwa makuu na reli. Familia nyingi za Marekani humtaja babu aliyepita Ellis Island, hata kama alifika miaka 20 kabla kisiwa hicho hakijapokea mtu, kwa sababu ndicho kituo wanachokijua.

Sasa rangi. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa Februari 10, 1840 akiwa amevaa satini nyeupe na lesi ya Honiton, na tangu hapo watu huzungumza kana kwamba dunia nzima ilibadilika kesho yake. Haikuwa hivyo. Nyeupe ilikuwa rangi ya wenye uwezo, wale ambao wangeweza kununua gauni la siku moja na kumlipa mtu alifue. Kwa bibi harusi wa shamba, gauni la harusi lilikuwa ndilo gauni lake bora kuliko yote, na angelivaa kanisani, kwenye ubatizo wa watoto wake na kwenye mazishi ya jirani kwa miaka mingi. Kahawia, buluu ya giza, kijivu, zambarau na nyeusi ndizo zilizokuwa rangi za busara. Katika Skandinavia na Ujerumani nyeusi ilikuwa ya kawaida kabisa kwa bibi harusi. Alichokosa msichana wa Kinorwei huku Marekani, akilinganishwa na mama yake, ni taji. Katika sehemu nyingi za mashambani Norwei bibi harusi alivikwa taji la fedha, ambalo mara nyingi liliazimwa au kukodiwa. Huku ugenini mtindo wa mjini ulichukua nafasi haraka. Kuvaa kama Mmarekani kulikuwa sehemu ya kuwa Mmarekani, na gauni lako halina dalili yoyote ya Norwei. Mimi hilo ndilo linalonivutia zaidi. Miaka minane tu tangu ashuke melini, na ukiliangalia huwezi kumtofautisha na binti wa Boston.

Halafu kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hatujaendelea kuliita la kahawia. Mwaka 1856, kijana wa Kiingereza aitwaye William Henry Perkin, akiwa na miaka 18, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na ndani ya miaka michache viwanda vikafurika rangi za aina hiyo. Nyingi zilikuwa za kung'aa sana na hazikustahimili mwanga. Zambarau fulani huishia kahawia. Chukua gauni karibu na dirisha, mahali pasipo na jua la moja kwa moja, uinue kwa upole rinda moja la chini kwenye sketi utazame kitambaa kilichofichwa ndani ya mkunjo. Tazama pia ukingo wa ndani wa mshono wa ubavuni, pale ambapo mwanga haukufika. Ikiwa sehemu hizo zina rangi moja na nje, basi ni kahawia tangu dukani. Ikiwa unaona rangi ya zabibu au damu ya mzee, piga picha papo hapo.

Ukipata picha ya harusi ya familia, usitegemee rangi uionayo humo. Bamba za picha za wakati ule ziliona buluu kupita kiasi na hazikuona nyekundu wala njano ipasavyo, kwa hiyo buluu hafifu ilitoka karibu nyeupe na kahawia ikatoka nyeusi. Linganisha vitu visivyobadilika: idadi ya vifungo, umbo la kola, safu za marinda. Picha ya aina hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba hili lilikuwa gauni la harusi na si gauni zuri tu, maana kitambaa peke yake hakisemi nani alikivaa siku gani.

Cherehani nitaipita upesi. Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kufikia 1881 cherehani zilikuwa zimejaa Marekani. Kilichotakiwa kukushtua ni zipu, ambayo haikuzoeleka kwenye magauni mpaka miaka ya 1930. Katika nguo ya wakati huu hutarajiwa mishono mirefu ya cherehani, kisha vifungo, kulabu na kingo zimemaliziwa kwa mkono, na ndivyo nilivyoona kwenye picha zako. Bitana ni pamba ngumu ya kahawia. (Pamba ya namna hiyo ilifumwa kwa wingi katika viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kulekule ilikotoka merikani iliyojaa Zanzibar na bara wakati wa Seyyid Said.)

Kiuno cha sentimita 56 kina maelezo matatu. Alikuwa na miaka 20. Chini yake kulikuwa na koseti, vazi gumu la ndani la kubana kiuno. Na la tatu, nguo ndogo ndizo zinazobaki: gauni lenye kitambaa cha kutosha hukatwa na kushonwa upya kwa ajili ya mdogo wake au mtoto, lakini jembamba halimfai mtu, linaachwa sandukuni. Ila umetaja jambo dogo mwishoni mwa barua ambalo hukulitilia maanani, kwamba ubavuni kuna mstari wa matundu madogo ya sindano, sambamba na mshono wa sasa, upande wa kuelekea kiunoni. Hayo ni matundu ya mshono wa kwanza. Gauni lilifunguliwa na kupanuliwa. Yaani sentimita 56 ulizopima ni kipimo cha baada ya kupanuliwa, na siku ya harusi lilikuwa jembamba zaidi! Angalia kama uzi wa mshono wa pili ni wa aina nyingine, na kama umeshonwa kwa mkono. Nikiona mishono ya mkono isiyolingana na kazi ya fundi wa mjini, huwa naelekea kuamini kwamba mwenye gauni mwenyewe alikaa nyumbani na kulifungua, pengine baada ya mtoto wa kwanza, ili aendelee kulivaa. Pindo la chini likiwa limelika kwa ndani, nalo litakuambia kwamba lilitembea sana.

Swali ambalo hukuuliza, nami ningeliuliza kwanza, ni nani aliyelipia. Hariri na fundi wa Minneapolis havikuwa vitu vya mkulima aliyefika juzi, hasa pale walipofika na mwaka waliofika. Nzige wa Milima ya Rocky waliingia kusini-magharibi mwa Minnesota kiangazi cha 1873, wakataga mayai, na hawakuondoka kabisa mpaka kiangazi cha 1877. Ngano ililiwa mwaka baada ya mwaka. Hali ilifika mahali ambapo gavana John S. Pillsbury alitangaza Aprili 26, 1877 kuwa siku ya maombi kwa jimbo zima. Familia zilizokuwa hazijavuna hata mara moja ziliishi kwa mikopo na misaada, na watoto waliokua wakatumwa kutafuta mshahara. Kwa wasichana wa Kinorwei njia iliyozoeleka ilikuwa kazi za ndani katika nyumba za mjini. Walipata chakula na kitanda, hivyo sehemu kubwa ya mshahara ilibaki mkononi, nusu ikaenda nyumbani na nusu ikawekwa. Msichana aliyefanya kazi kwa tajiri wa Minneapolis aliona kila siku nguo zilivyokatwa, na alijua mlango wa fundi. Ningeweka dau langu hapo: alilinunua mwenyewe, kwa jasho lake.

Na hili linaweza kufuatiliwa. Anza na sensa ya Marekani ya Juni 1880, mwaka mmoja hivi kabla ya harusi. Kama alikuwa mtumishi mjini, ataorodheshwa ndani ya nyumba ya mwajiri wake, pamoja na umri, kazi na nchi aliyozaliwa. Kisha nenda moja kwa moja hadi ya 1900; ya 1890 usiisumbukie, karibu yote iliharibika kufuatia moto wa 1921 mjini Washington. Sensa ya 1900 ni hazina kwa kazi hii kwa sababu iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa na walio hai, na mwaka wa kuhamia Marekani. Minnesota nayo ilihesabu watu wake yenyewe mwaka 1875, 1885, 1895 na 1905. Ya 1875 itakuonyesha kama kweli familia ilikuwa shambani wakati wa nzige.

Kama shamba lilipatikana kwa sheria ya mwaka 1862 iliyogawa hadi ekari 160 kwa aliyekaa na kulima kwa miaka mitano, jalada lake liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Liagize. Watu hulipuuza wakidhani ni karatasi ya ardhi tu, kumbe humo kuna ushahidi wa mmiliki na wa majirani zake: nyumba ilikuwa na ukubwa gani, ekari ngapi zilikuwa zimelimwa, aliishi na nani, alipata lini uraia.

Upande wa Norwei, ufunguo ni jina la kwenye sanduku. Hilo lenye -datter si jina la ukoo. Olsdatter ni binti wa Ole, kama pwani tunavyosema binti Ali, na ndugu yake wa kiume angeitwa Olsen. Baada ya hapo watu wa mashambani waliongeza jina la shamba walilokaa, nalo lilibadilika wakihama. Wakifika Marekani kila tawi liliweza kuchagua lake, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti makaburini. (Makarani wa bandarini hawakubadilisha majina, ingawa karibu kila familia huamini hivyo; walisoma orodha iliyoandikwa na watu wa meli.) Mwaka 1846 ni wa mapema mno kwa bibi harusi wetu aliyezaliwa karibu 1861, kwa hiyo jina lile ni la mama yake au bibi yake, na huenda lilikuwa sanduku la vitu vya harusi la huyo. Tafuta jina hilo kwenye Digitalarkivet, hifadhi ya nyaraka ya Norwei iliyo wazi mtandaoni bila malipo. Sensa ya 1865 inapaswa kuwa na bibi harusi wetu akiwa na miaka minne au mitano, chini ya jina la shamba. Vitabu vya kanisa vina orodha za waliohama, na polisi wa Kristiania, ambayo sasa ni Oslo, waliandika wanaosafiri kuanzia 1867. Ukikwama, Decorah katika jimbo la Iowa kuna makumbusho ya Vesterheim, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1877 na inahifadhi masanduku mengi ya aina hiyo. Mtu aliyeona maua mengi yaliyochorwa anaweza kukutajia bonde yalikotoka kwa kutazama tu mtindo.

Tuje kwa hariri inayochanika. Hariri ikitolewa gundi yake ya asili hupungua uzito kwa karibu robo, na hariri iliuzwa kwa uzito. Viwanda vikawa vinarudisha uzito huo, na zaidi, kwa kuloweka nyuzi kwenye chumvi za madini: chuma kwa rangi za giza, na bati hasa kuelekea mwisho wa karne. Kitambaa kilitoka kizito, chenye mlio mzuri kikitikiswa, na ndani yake kuna kinachokila. Hupasuka kwenye mikunjo, kwa mistari iliyonyooka, hata kama kimekaa gizani. Hakuna dawa. Unachoweza ni kukichelewesha.

Usilifue wala kulipeleka kwa dobi wa aina yoyote. Lisitundikwe, maana uzito wa sketi utamalizia mabega. Liondoe kwenye mfuko wa plastiki leo hii. Tafuta sanduku kubwa la karatasi isiyo na asidi na karatasi laini za kuhifadhia, na uulize zile zisizoongezewa alkali, kwa kuwa alkali inafaa pamba lakini si hariri. Laza kila kipande peke yake, jaza karatasi kwenye mikono na kila mkunjo ili kitambaa kisivunjike kwenye mstari mmoja, na weka chumba cha kawaida cha kukaa watu. Darini kuna joto na chini ya nyumba kuna unyevu. Na usilirudishe kwenye lile sanduku la 1846. Mbao hutoa asidi.

Binti yako asilivae. Najua ni neno gumu kwa mtu anayepanga harusi, lakini kitambaa kinachopasuka kikiwa kimelala hakitavumilia kukaa kitini, sembuse kucheza muziki, na jasho la saa moja litaongeza uharibifu wa miaka. Ninachopendekeza ni ashonewe jipya kwa kielelezo cha hili. Fundi mzuri anaweza kuchukua vipimo vya kila kipande bila kufungua mshono: afuate mwelekeo wa nyuzi za kitambaa, achore kwenye karatasi, ahesabu vifungo na marinda. Mchoro huo uongezwe kufikia kiuno cha binti yako bila koseti. Mistari ya mbele na nyuma ndiyo inayobeba sura ya gauni, kiuno kinaweza kupanuka bila kuiharibu. Rangi mpe ile utakayoikuta chini ya rinda, hata kama itawashangaza wakwe. Na aanze mapema, kwa sababu sehemu ya juu yenye vipande vingi namna hii lazima ishonwe kwanza kwa kitambaa rahisi, ijaribiwe, irekebishwe, ijaribiwe tena, ndipo mkasi uguse hariri.